Mandazi Niliyoyafunga kwa Hadithi ya Wafu

Mwaka huo tulikula unga wa manjano. Sisemi ule mwaka wa kwanza wa unga wa manjano, huo watu walikuwa na njaa kweli na hakuna aliyecheka. Nasema ule wa pili, miaka ya tisini ikiwa bado mipya, mahindi meupe yalipopotea madukani tena tukaletewa ya manjano kwa meli kutoka nje. Ugali ulikaa kwenye sahani kama keki ya arusi, ukiuonja ni sabuni. Nilijaribu kupika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa tunayokula kwetu Ukambani, yakatoka kwenye sufuria kama meno ya mvuta tumbaku. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliyatazama, akasukuma sahani. "Haya yananitazama," akasema. Mtu akikwambia alikuwa Kaloleni, mtaa wetu wa Nairobi, mwaka huo na hakula manjano, huyo alikuwa mgeni au ni mwongo.

Mimi nilikuwa nauza mandazi mlangoni kwangu. Unga wa ngano ulipatikana, na watu waliochoka na manjano walikuja kwangu asubuhi mapema, karani na fundi, wa Kaloleni na hata wa kutoka Mbotela. Mandazi yangu yalikuwa ya pembe tatu, makubwa, hayakujazwa hewa ya kudanganya mtu. Aliyekuwa akiyasema vibaya ni mmoja tu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama Mwislamu aliyezaliwa Pwani. "Shoga, mandazi bila iliki si mandazi, ni unga ulioogopeshwa na mafuta." Lakini kila siku alichukua manne.

Sasa, mandazi lazima yafungwe, na tulikuwa tunayafunga kwa karatasi za madaftari ya shule. Watoto wa mtaa waliniletea madaftari yao yaliyojaa, nikawapa andazi moja kwa daftari moja. Kwa hiyo watu wa Kaloleni walikunywa chai wakisoma hesabu za watoto wao, na wengine ndipo walipojua mtoto amepata sufuri. Mwaka huo wateja walizidi, karatasi zikawa zinaisha kabla ya saa mbili. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu mwingine.

Mjukuu wangu alikuwa akikaa kwangu. Baba yake, mwanangu, alikuwa dereva wa lori, mama yake alikuwa na kazi mbali, basi mtoto akasomea kwangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, na huyu alipewa jina la mama mkwe wangu, aliyekuwa amekufa zamani. Ukishapewa jina, umepewa pamoja na mtu mwenyewe. Mzee wangu alimwita mjukuu wake "mama", na mtoto alimwita mzee mzima mwenye mvi "mwanangu". Mimi nilimwita "mama mkwe", kwa mzaha, lakini si mzaha wote. Alikuwa na jicho lile lile. Ukichelewesha chakula alikaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti, asiseme neno, mpaka unaona haya mwenyewe.

Huyu mtoto alikuwa anaandika. Alikuwa na daftari moja la jalada la buluu, nyuma limechapwa hesabu za kuzidisha, kama madaftari yote ya Kenya. Alikuwa akiandika kando yangu nikikanda unga jioni. Nilijua ni hadithi, sikujua ni ya nini. Mwalimu wake alikuwa amemchagua aisome mbele ya watu kwenye ukumbi wa mtaa, siku ya kufunga shule. Mtoto wangu, mbele ya ukumbi. Nilikuwa nimewaambia wateja wote, hata wale walioomba tu chumvi.

Jumatatu ya wiki hiyo ya kufunga shule alikwenda shule akaacha daftari lake juu ya meza yangu ya mandazi, juu ya rundo la madaftari kuukuu. Mimi miwani nilikuwa nayo, ila sikuivaa mbele ya wateja. Nikachana, nikafunga. Nikachana, nikafunga. Jioni akaja.

"Susu," maana hivyo ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi, "daftari langu lilikuwa hapa."

Nikatazama. Lilibaki jalada na nusu ya nyuma. Kurasa tisa zilikuwa zimekwenda na mandazi.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa kwenye kigoda akaweka mikono kwenye magoti.

"Mama mkwe, nitazirudisha," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote. Kabla ya Ijumaa." Ijumaa ndiyo siku ya kufunga.

Nilivaa miwani, nikafunga leso kiunoni, nikaanza na ukuta wa karibu. Jirani yangu wa Pwani alifungua mlango akiwa na karatasi mkononi na machozi mashavuni, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni kicheko.

"Wallahi shoga, ingia," akasema. "Huyu marehemu ni nani? Ana mdomo kama wifi yangu wa Lamu."

Nikasoma hapo hapo, nimesimama. Kusoma nilijifunza kwenye ngumbaru, masomo ya watu wazima, kwenye ukumbi ule ule wa mtaa, na nasoma polepole lakini sirukii neno. Hadithi ilikuwa ya msichana wa Kaloleni anayewaona wafu. Si kila mfu. Unamwona yule tu uliyepewa jina lake, na yeye ndiye anayekujulisha kwa wenzake, kama mtu anavyokupeleka kwenye chama. Msichana alimkuta marehemu bibi yake mkubwa amepanga foleni ya maji bombani, nyuma ya watu wote, kwa sababu hata wafu wa Kaloleni bomba lao lilikuwa kavu. Wakawa marafiki. Wakacheza kati na wafu wengine, ule mchezo wa kumtupia mpira aliye katikati, na wafu wakashinda kila mara maana mpira ulipita ndani yao ukatokea upande wa pili.

Halafu msichana akamleta bibi nyumbani kula. Bibi akatazama ugali wa manjano akasema: "Nani amewapikia watu chakula cha kuku? Ni yule mke wa mwanangu? Bado hajajifunza?" Na yule mke wa mwanawe, maana yake mimi, alikuwa wapi? Alikuwa uvunguni mwa kitanda, na mwiko mkononi, anatetemeka.

"Ni wewe huyu?" jirani akauliza.

"Ni hadithi," nikasema.

"Ni wewe," akasema. "Hata mwiko ni ule wako uliovunjika."

Wacha niseme ukweli. Maneno yale yote mtoto aliyapata kwangu. Mama mkwe wangu na mimi tulishindana miaka kumi na minne, na alipokufa niliendelea peke yangu. Nikikanda unga nilimwambia mtoto: huyo uliyepewa jina lake aliwahi kumwaga uji wangu mbele ya wageni. Huyo uliyepewa jina lake alisema mimi napika kama mtu anayelipiza kisasi. Mtoto alisikia, akacheka, akaandika. Na sasa nusu ya Kaloleni ilikuwa imekula mandazi yangu ikisoma kwamba namwogopa mwanamke aliyekufa.

Jirani alinipa karatasi yangu. Alikuwa ameipitishia pasi ili mafuta yatoke.

Kutoka hapo nilitembea. Kurasa mbili zilikuwa Shauri Moyo, kwa vijana wanaotengeneza masanduku ya bati, karibu na karakana ambamo mzee wangu alichonga twiga wa mti wa kuuza. Walikuwa wamezibandika ukutani kwa gundi ya ugali. Kijana mmoja mwenye uso mweusi kwa masizi alinipokea kama mtu anayemngoja tarishi wa posta.

"Niaje mathe. Hii stori imeshika. Huyo buda wa tiketi alifanyaje?"

"Mzee gani wa tiketi?"

"Si wewe ndio unauza? Tumeachwa hapo. Anakataza madedi, hao wafu, kuingia, hawana tiketi. Halafu karatasi imeisha."

"Na mimi sijafika hapo," nikamwambia. "Toa karatasi ukutani, uilowanishe kwanza, usiichane."

Aliitoa vizuri kuliko nilivyotarajia. Akanifuata mpaka barabarani akiniuliza kama nina nyingine.

Mpaka Jumatano nilikuwa na kurasa saba. Moja ilikuwa imewashiwa jiko Mbotela, mtoto akaiandika upya kwa kichwa chake, akasema ya pili imekuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo nane. Ya tisa, ile ya mzee wa tiketi, nilijua iko wapi, maana kati ya niliowahudumia asubuhi ya Jumatatu alibaki mmoja tu nisiyemwendea: mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu.

Huyu mwenyekiti alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa karani wa reli, mtu mrefu, msafi. Kila jioni alikaa kizingitini akang'arisha viatu, hata siku za kutokwenda kazini, na watoto wakipita aliwapa tiketi zilizotumika wachezee. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wa wale watoto.

Sikupata nafasi ya kwenda kwake. Yeye ndiye aliyekuja kwangu, Jumatano hiyo saa kumi, na akina mama wengine wawili nyuma yake, wote wamevaa sare, blauzi ya buluu na kitambaa cheupe. Ukiona sare siku ya Jumatano, jua kuna mtu ameshtakiwa.

Niliwakaribisha. Walikaa. Mandazi waliyakataa, nikajua ni mbaya.

"Dada," mwenyekiti akasema, "kuna maandishi yanatoka hapa kwako. Ya kuzungumza na wafu."

"Ni hadithi ya mtoto."

"Mtoto anakula na mizimu, anacheza mpira na mizimu. Na tumesikia kwa masikio yetu wewe unamwita mama mkwe. Mzee anamwita mama. Hiyo hadithi haikutoka hewani."

"Wewe si wa kwetu?" nikamwuliza. "Kwani wewe mjukuu uliyempa jina la baba yako humwiti baba?"

Mmoja wa wale wawili akainama, maana huyo alikuwa na mjukuu mchanga mwenye jina la mumewe, naye alimwita "bwana yangu" mbele ya kanisa zima. Mwenyekiti hakuinama.

"Tunaomba daftari. Lote. Litachomwa mbele ya akina mama, na mtoto hatasoma hiyo kitu Ijumaa. Ukikataa, utatoka kwenye kundi letu."

Na nieleze maana yake, kwa wasiojua. Kundi letu ndilo lililozika watu. Mama akifa, akina mama walivaa sare, wakasimama safu mbili, wakaimba kutoka mlangoni mpaka kaburini, na jeneza lilifunikwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimewaimbia wengi. Nilikuwa nimechagua hata nyimbo zangu, na nilikuwa nimeshasema ni nani asiimbe, kwa sababu anavuta sauti. Kutolewa kwenye kundi ni kuzikwa na watu waliovaa wanavyotaka, mmoja suruali, mmoja sweta, kama watu wanaongoja basi.

Niliwatazama. Daftari lilikuwa mapajani mwangu, nilikuwa nalishona kwa sindano ya magunia, kurasa zile nane zikiwa zimerudi mahali pake, zinanuka mafuta.

"Sitoi hata ukurasa mmoja," nikasema.

"Fikiri, dada."

"Nimefikiri. Na ukurasa mmoja uko kwako. Ulifunga mandazi mawili. Urudishe."

Kwa mara ya kwanza mwenyekiti aliangalia pembeni. "Ule nimeshauchoma," akasema. Wakaondoka. Yule mwenye mjukuu mchanga alirudi nyuma peke yake, akasema amesahau mwavuli. Hakuwa amekuja na mwavuli. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kuna mahali kwenye daftari panapomtaja dada yake aliyekufa, aliyekuwa fundi wa kushona. Nikamwambia nitamwuliza mwandishi.

Mtoto alikuwa jikoni, amesikia yote. Alikuja na kiberiti.

"Susu, tulichome. Watakuzika bila sare, na itakuwa ni mimi."

"Weka kiberiti chini. Nikifa nitakuja kukaa humo ndani ya daftari. Humo watu wanavaa nini?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiria kila swali. "Walichozikwa nacho."

"Basi nitakuja na aproni. Nitawapikia mandazi."

"Bibi mkubwa atasema hayana ladha."

"Na aseme. Nimezoea."

Mzee wangu aliporudi kutoka Shauri Moyo, mikono imejaa rangi ya viatu anayopaka twiga wang'ae, nilimsomea kurasa zote nane. Yeye hakusoma shule hata siku moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kulikuwa na mahali mama yake anaingia karakana, anamshika twiga shingo, anasema, "Hii ni shingo au ni mchi?" Mzee wangu akacheka kwa mabega, kama anavyocheka. Halafu akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. "Ndivyo angesema," akasema. "Hivyo hivyo." Halafu akamwambia mjukuu wake, "Asante, mama."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele kabisa, na miwani usoni, watu waone. Vijana wa masanduku walikuja na masizi yao, wakasimama nyuma. Jirani yangu wa Pwani alikuwa amevaa buibui jipya. Akina mama wa sare walikaa upande wao, na mwenyekiti katikati, Biblia mapajani.

Mtoto akasoma. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, lakini alipofika pale bombani watu walianza kucheka, na waliposikia ya kuku ukumbi mzima ulinigeukia. Nikakaa wima. Mtu ana haki ya kukaa wima hata akiwa uvunguni.

Halafu akafika kwa karani. Alikuwa amejaribu kuuandika upya ukurasa ule kama ule wa Mbotela, akashindwa. Alisema hakumbuki maneno ya mwisho na hawezi kumsemea mtu uongo. Basi akasoma mpaka pale wafu wanapofika kwenye lango, karani wa reli anawauliza tiketi, nao hawana, kwa sababu hakuna anayezikwa na tiketi. "Hapa ukurasa umepotea," akasema.

Kijana wa Shauri Moyo akasema kule nyuma, "Si nilisema." 

Nikasikia kiti kikisogea. Mwenyekiti alisimama. Alifungua Biblia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina doa la mafuta ukubwa wa andazi. Hakumpa mtoto. Alisoma mwenyewe, pale pale aliposimama, na hakuhitaji kuitazama sana:

"Yule karani akawaacha wote wapite. Akakaa chini akaanza kung'arisha viatu. Nikamwambia, mzee, huku hakuna vumbi, unang'arisha nini? Akasema, najua. Lakini mke wangu akija, asinikute hivi."

Akakaa. Hakulia, hakutazama mtu. Wale wawili wa sare walimshika mkono, mmoja kila upande. Mtoto alishuka jukwaani, akachukua ule ukurasa mkononi mwake kwa heshima, mikono miwili, akarudi, akaendelea mpaka mwisho. Bibi mkubwa alikubali kula ugali wa manjano, akasema ni mbaya lakini amewahi kula mbaya zaidi nyumba hii hii. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakaitika.

Hakuna aliyeniambia nimerudi kundini. Jumapili nilivaa sare tu, nikaenda, nikakaa mahali pangu. Sare hiyo iko sandukuni mpaka leo, imepigwa pasi, na nyimbo zangu hazijabadilika.

Kilichobadilika ni mlango wangu. Akina mama walianza kuja mchana, mmoja mmoja, wakinunua andazi wasilolitaka, halafu wakiuliza kama yule wao yuko humo na anaendeleaje. Mtoto aliwauliza alipenda nini, aliudhika kwa nini, akawaandika. Fundi wa kushona yuko humo, anawapunguzia wafu sanda zilizowazidi. Daftari likawa madaftari matatu. Huyo mtoto leo ni mwalimu, ana watoto wake mwenyewe, na madaftari ameniachia mimi, kwa sababu anajua ninavyoyalinda.

Na mwenyekiti? Amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini kila Alhamisi anafika. Namsomea ukurasa wa karani, ule wenye doa. Husikiliza macho yamefumbwa. Nikimaliza hunywa chai, husema mandazi yangu yamekuwa madogo, halafu akiwa mlangoni hugeuka, kama kwamba ndiyo kwanza amekumbuka.

"Dada, nipe tu huo mmoja. Niuweke kwenye Biblia. Siku zangu si nyingi."

Namwambia aje tena Alhamisi. Namwambia karani hajaenda popote, viatu bado hajamaliza. Anaomba tena, kwa upole, nami namjibu vile vile nilivyomjibu Jumatano ile:

"Sitoi hata ukurasa mmoja."